Injini ya Arvid Haijapata Moto

Tauno Ruona alimaliza kuitayarisha injini ya boti ya marehemu mdogo wake kwa ajili ya baridi kabla kahawa haijapoa.

Saima, mjane wa mdogo huyo, alikuwa ameketi pembeni ndani ya boti, chupa ya kahawa katikati ya miguu. Boti ilikuwa imekwisha pandishwa nchi kavu, imesimama juu ya magogo katika uwanja wa bandari, na mtu akitaka kuingia alipanda ngazi. Saima alikuwa amemmiminia shemeji yake kikombe, akafungua kitambaa chenye mkate wa iliki, akakata kipande. Aliponyanyua uso, Tauno alikuwa anafuta mikono.

"Tayari," alisema Tauno.

"Tayari?"

"Umeona mwenyewe. Pinki imetoka nyuma."

Kweli ilikuwa imetoka. Dawa ya kuzuia barafu ilikuwa imeingia kwa mpira kutoka kwenye ndoo, ikapita, ikatokea kwenye bomba la moshi, na sasa kulikuwa na doa la pinki mchangani kana kwamba mtoto amemwaga sharubati.

"Kahawa yako, shemeji."

"Nitakunywa nyumbani."

"Hii hapa imekwisha miminwa."

"Naiona."

Akateremka ngazi. Alipita karibu na kiti cha usukani bila kukigusa wala kukitazama, kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemfahamu. Gari lake liliondoka. Saima alibaki na vikombe viwili. Alipeleka kimoja mdomoni, akaungua ulimi.

Hapo ndipo wasiwasi ulipomwanza.

*

Arvid Ruona alikufa mwezi wa Agosti katika foleni ya posta, akiwa wa pili kutoka mbele. Watu walisema hiyo ndiyo foleni pekee aliyopata kuiacha kabla zamu yake haijafika. Alimwachia mkewe nyumba, sauna ya kuogea mvuke, madeni ya kawaida na boti. Boti ndiyo iliyokuwa ikiwalisha: kila kiangazi wageni kutoka mijini walilipa kupelekwa kuvua samaki aina ya trauti katika Ziwa Superior, na fedha zao zililipia kodi ya majengo na mafuta ya kupasha moto. Siku ya maziko, katika chumba cha chini cha kanisa, Tauno aliweka sahani yake mezani akasema, "Mwaka kesho nitawapeleka mimi." Hakuna aliyewahi kumsikia akitoa hotuba ndefu kuliko hiyo.

Basi mambo yalikuwa hivyo. Bila injini hakuna boti, bila boti hakuna wageni, bila wageni nyumba inauzwa. Na bila Tauno hakuna wa kushika usukani.

Injini hiyo ilipozwa kwa maji ya ziwa. Kiangazi kizima ilikuwa inayanywa na kuyatema, na mengine yalibaki ndani ya bloki, katika matumbo ya chuma. Maji yakiganda hutanuka, na chuma hakijui kutanuka. Kila mwaka yupo mtu bandarini hapo anayefungua kifuniko wakati wa masika na kukuta bloki yake imepasuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu huja kuitazama, husema "Ee," kisha huenda kunywa kahawa.

Saima hakuwa fundi. Miaka yote ya ndoa kazi yake ilikuwa kushika ndoo. Lakini mshika ndoo naye ana macho. Alijua kwamba Arvid aliwasha injini kwanza, ikanguruma, naye akaketi. Alikunywa kikombe, akala mkate, akanywa kikombe kingine. Mara kwa mara alinyoosha mkono akaushika mpira mnene wa juu, kama mama anayempima mtoto homa. Dawa ilifuata baadaye kabisa.

Siku moja, bado ni bibi harusi, alimuuliza, "Tunangoja nini?"

"Kuna kilango humo ndani," Arvid alisema. "Hakifunguki mpaka kipate moto. Ukitia dawa kikiwa kimefungwa, inazunguka nje nje tu na kutoka nyuma. Bloki haijui hata kama ulikuja." Alitafuna kidogo. "Injini ni kama kaka yangu. Haifunguki mpaka ipashwe moto."

Saima aliufunga mkate katika kitambaa. Redio asubuhi ilikuwa imesema baridi kali itaingia usiku huo kutoka Kanada, na ziwa la karibu na ufuko huenda likashika ngozi ya barafu.

*

Nyumbani alimpigia simu binti yake Denise, aliyekuwa anaishi Green Bay na alikuwa na jibu la kila kitu.

"Mwite Duane," alisema Denise. Duane ndiye aliyekuwa fundi wa bandari. "Mlipe, atengeneze, yaishe."

"Duane akipanda kwenye boti ile, kabla ya chakula cha jioni mji mzima utajua baba yako mkubwa amekosea."

"Si kweli amekosea?"

"Sijasema amekosea."

"Mama, sasa umenipigia kwa nini?"

"Kukusalimia."

"Basi mwambie yeye mwenyewe."

Saima alicheka kwa pua. Binti alikuwa amekaa mjini muda mrefu. Mtu aliyejitolea kukusaidia humwambii kwamba amekosea. Unamshukuru, unampa mkate aende nao, na mwaka unaofuata unapata udhuru wa kutomwita. Lakini baridi haikuwa na nafasi ya kungoja mwaka unaofuata.

"Vaa kofia," alimwambia Denise, akakata simu.

*

Alirudi bandarini na spana ya Arvid na kipande cha waya. Alijua mahali nati za kutolea maji zilipo, moja kila upande wa injini, kwa sababu alikuwa amewahi kulaani zote mbili akiwa ameshika tochi. Alilala kifudifudi, shavu juu ya mbao zenye harufu ya petroli, akaifungua ya kulia.

Hakikutoka kitu.

Mtu mwingine angefurahi. Saima alikuwa amemwona Arvid akifika hapo na kusema, "Unanidanganya, eti?" akiiambia injini. Alichukua waya akachokoa tundu. Ikatoka kutu, ukatoka mchanga, kisha maji yakamwagika kwa nguvu, yakamlowanisha mkono mpaka kwapani. Yalikuwa maji ya ziwa, baridi na meupe. Aliyaacha yatoke yote akitafuta ndani yake hata chembe ya pinki. Hapakuwa na chembe.

Nati ya upande wa kushoto ilikataa kabisa. Aliivuta mpaka akaona nyota, nayo haikusogea hata unywele. Nyuma ya nati hiyo yalikuwa maji kama yale yale, na jua la Novemba lilikuwa limeanza kuinama.

Akairudisha ya kulia, akaifunga. Kwanza dawa nyingine, alijiambia. Halafu spana ndefu. Na spana ndefu ilikuwa kwa Tauno.

*

Gerald LaBonte alikuwa nyuma ya kaunta ya duka lake la vifaa, akimuuzia mzee mmoja misumari. Saima aliyaburuta magaloni ya dawa mpaka mbele.

"Dawa ya pinki," alisema Gerald.

"Ndiyo."

"Tauno alichukua jana. Nyingi."

"Alichukua."

"Hazikutosha?"

"Zilitosha sana."

Gerald aliyatazama magaloni, akamtazama mzee wa misumari, ambaye alikuwa ameacha kuhesabu misumari yake.

"Sasa hizi ni za nini, Saima?"

"Za choo."

"Choo kipi?"

"Cha sauna."

"Sauna yenu haina choo."

"Ndiyo maana nawahi."

Mzee wa misumari alikohoa ndani ya ukosi wa koti. Gerald alipokea noti, akarudisha chenji akiiweka sarafu moja moja kiganjani mwa Saima, polepole, kama kasisi anayempa mtu nafasi ya kuungama. Saima hakuungama. Mkono wake wa koti ulikuwa bado unadondosha maji sakafuni, na wote watatu waliyatazama yale matone bila kuyataja.

"Nikusaidie kubeba?"

"Si mazito," alisema Saima, akayabeba, nayo yalikuwa mazito.

*

Tauno alikuwa nyuma ya nyumba yake anapasua kuni.

"Shemeji," alisema Saima.

"Shemeji."

Shoka lilipanda, likashuka.

"Kuni nzuri."

"Mbichi."

"Mwaka huu mvua ilikuwa nyingi."

"Nyingi."

Saima aliona adabu imekwisha timia. "Nimekuja kuazima spana yako ile ndefu."

"Ya nini?"

"Kuna nati imekaza."

"Nati gani?"

"Nati tu. Ya injini."

Shoka lilibaki ndani ya gogo. "Upande gani?"

"Wa kushoto."

"Na wa kulia?"

"Wa kulia ulifunguka."

"Ukatoa nini?"

"Ulitoa."

"Ulitoa nini, Saima?"

Hakusema shemeji. Saima alitazama lundo la kuni. Alifikiria uongo mzuri, akaupata, kisha akaona hauna faida, kwa sababu usiku ungekuja vilevile.

"Maji," alisema.

Tauno akaingia ndani, akatoka na koti, kofia na spana. Saima alinyoosha mkono kuipokea.

"Hii siiazimishi," alisema Tauno. "Inakwenda na mimi."

*

Alilala pale pale Saima alipokuwa amelala, akaishika nati ya kushoto kwa spana ndefu, akavuta. Kikasikika kitu, naye akasema neno la Kifini ambalo mama yake hakumfundisha. Akaitoa spana, akaitazama.

"Imeliwa kona."

"Zote?"

"Zote. Sasa haishikiki."

Walikaa. Upepo ulikuwa umegeuka, unatoka kaskazini, na kamba za boti nyingine zilikuwa zinapiga milingoti.

"Basi njia ni moja," alisema Tauno.

"Iwake."

"Iwake. Ipate moto, kilango kifunguke, dawa iingie yenyewe mpaka huko."

Saima alimgeukia. Alikuwa amekuja akiwa amejiandaa kumweleza habari ya kilango kwa njia ya kuzunguka, pengine kama ndoto aliyoiota. "Unakijua kilango?"

"Nani unadhani alimfundisha Arvid?"

"Basi asubuhi..."

"Asubuhi niliwasha," alisema Tauno. Alikuwa anaikwaruza nati kwa ukucha. "Ikaanza kunguruma."

"Injini zote zinanguruma, shemeji."

"Si hivi."

Saima alijua anachosema. Kila alfajiri ya kiangazi, miaka na miaka, ngurumo ile ilikuwa imetoka bandarini ikiwa na kigugumizi chake kidogo, na watu vitandani walisema, Arvid huyo. Tangu Agosti hapakuwa na aliyeisikia, mpaka asubuhi hiyo kwa kitambo kifupi. Siku ya kuipandisha boti nchi kavu, iliburutwa na boti ya mtu mwingine.

"Nikasema pinki ikitoka tu, nazima," alisema Tauno. "Ikatoka."

"Haya," alisema Saima.

"Haya."

*

Kulikuwa na shida nyingine. Injini iliyo nchi kavu lazima ipewe maji ya kunywa wakati inapashwa moto, na manispaa ilikuwa imekwisha funga bomba la bandari na kulivika gunia kwa ajili ya baridi. Wakalisimamisha pipa kando ya boti, wakatia mpira ndani yake, wakaanza kuchota ziwani kwa ndoo. Saima alikuwa na miaka sitini na tano, na Tauno alikuwa amemzidi. Pipa lilipojaa, Tauno alipanda, akasimama mbele ya kiti cha usukani. Safari hii alikitazama. Hakuketi. Akageuza ufunguo.

Injini ikakohoa, ikashika. Kigugumizi kile kile.

Tauno aliinamisha kichwa, mikono yote miwili juu ya usukani. Saima hakumwangalia. Alikuwa chini anaangalia pipa, na pipa lilimtisha. Maji yalikuwa yanashuka kana kwamba kuna ng'ombe anayeyanywa. Alikimbia ziwani, akarudi na ndoo mbili nusu, akamwaga. Yalikuwa yameshuka zaidi. Yakiisha, pampu itanyonya hewa na kuungua, na hapo watakuwa wameiua injini kwa mikono yao, bila kuisubiri baridi.

"Shemeji! Maji!"

Tauno alishuka. Wakakimbia pamoja, ikiwa zile zilikuwa mbio. Kila walipomwaga ndoo, pipa lilikuwa limetangulia. Saima aliteleza kwenye mawe, akapiga goti, akainuka na ndoo tupu, akarudi tena majini.

"Tuzime," alisema akihema.

"Tukizima itapoa. Tutaanza upya."

"Na hatuwezi kuanza upya?"

Tauno alikuwa anatazama upande wa barabara.

Ng'ambo ya barabara ulikuwapo mgahawa wa Bernice, na mlango wake ulikuwa wazi. Watu walikuwa wametoka, wamesimama barazani na vikombe mkononi, bila makoti. Walikuwa wanasikiliza. Kutoka upande wa pili alikuwa anakuja mzee wa misumari, bado na pakiti yake ya misumari, akitembea kama mtu aliyeitwa kwa jina. Duane fundi alitoka chini ya boti fulani, akasimama, spana imening'inia mkononi.

Aliyevuka kwanza alikuwa Bernice mwenyewe. Alitazama pipa, akatazama ziwa, akamnyang'anya Saima ndoo.

"Wewe simama hapo umwage," alisema. "Kukimbia huwezi, nimekuona."

"Nimeteleza tu."

"Umeteleza vibaya. Lete hiyo nyingine."

Wakaja. Kutoka ziwani mpaka kwenye pipa walijipanga bila aliyewapanga, ndoo zikaanza kupita mkono hadi mkono. Gerald LaBonte alifika na gari la duka, akashusha ndoo mpya zikiwa bado na vibandiko vya bei. Hakuuliza habari ya choo. Alichosema ni, "Zisikwaruzwe, nitaziuza," akaingia ndani ya mstari, viatu vyake vizuri ndani ya maji.

"Nani amefunga bomba mapema hivi?" aliuliza mtu.

"Wewe. Ulipiga kura."

"Pitisha ndoo."

Pipa liliacha kushuka. Likaanza kupanda. Hakuna aliyeuliza kwa nini injini iliyokwisha tayarishwa asubuhi inapashwa moto jioni. Duane, ambaye alijua jibu kuliko wote, alipokea ndoo na kupitisha ndoo, macho yake ziwani.

Saima alipanda ngazi na goti lake linalouma. Tauno alikuwa amerudi juu. Saima akanyoosha mkono, akaushika mpira mnene wa juu. Ulikuwa baridi.

"Bado," alisema.

Wakangoja. Injini ilinguruma na kugugumia. Tauno alikuwa ameegemea ukuta wa kibanda cha usukani, na uso wake ulikuwa umelowa, lakini wote pale walikuwa wamelowa.

"Alikuwa haendeshi polepole," alisema ghafla. "Hata kidogo. Nilimwambia tangu mtoto, polepole ukikaribia mawe. Yeye anacheka."

"Alikuwa anacheka."

"Nilimwambia akamwone daktari vilevile."

"Hata mimi nilimwambia."

"Akacheka?"

"Alisema ataanza na posta."

Tauno alitoa sauti fulani. Saima hakujua kama ni kicheko, na hakuuliza. Akaushika mpira tena. Ulikuwa vuguvugu, kisha palepale, chini ya kiganja chake, ukaja moto, kama kuna mtu upande wa pili aliyefungua mlango.

"Sasa," alisema.

Tauno akauhamisha mpira wa chini kutoka kwenye pipa hadi kwenye ndoo ya dawa, na Saima akamimina galoni baada ya galoni, haraka, bila kuacha hewa ipite. Watu chini waliacha kuchota. Pinki ikatoka nyuma ikiwa na mvuke, ikamwagika mchangani. Galoni la mwisho likaisha. Ndoo ikaanza kukoroma.

"Zima, shemeji."

Mkono wa Tauno ulikuwa juu ya ufunguo. Haukugeuka.

"Shemeji. Zima."

Akazima.

Kimya kilichokuja kilikuwa kikubwa kuliko bandari. Mtu mmoja chini alivua kofia, akaona wengine hawajavua, akairudisha kichwani. Tauno alipiga magoti, akailegeza nati ya kulia kidogo, na wote wawili wakainama kutazama. Yakatoka matone, kisha uzi mwembamba. Ulikuwa pinki, mzito na wa moto.

"Haya," alisema Tauno, akaikaza.

"Imeingia?" aliita Bernice kutoka chini.

"Imeingia," alisema Saima.

"Basi msimame humo mpaka mgande," alisema Bernice, akaondoka.

Hapakuwa na kushukuriana wala kuagana. Mmoja mmoja walimwaga maji yaliyobaki, wakazifudikiza ndoo juu ya mchanga ili barafu isizipasue, wakaenda zao. Gerald alisema atazichukua kesho. Mbwa wa mtu alilamba doa la pinki, akafukuzwa.

Tauno aliteremka, akakusanya spana, akakunja mpira. Jua lilikuwa limezama nyuma ya miti, na matone kwenye ngazi yalikuwa yameanza kuwa meupe. Saima alikuwa bado juu, amechuchumaa, kiganja chake kimelala juu ya injini.

"Saima, shuka."

"Bado ina moto."

"Itapoa yenyewe."

"Najua," alisema Saima, na hakuuondoa mkono.